Kuipima shahada ya uhandisi wa vifaa tiba: maswali ninayoulizwa kila Julai, Moshi na Arusha

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Wanapiga wazazi wa Machame na Marangu, wa Sakina na Njiro, walimu wa sekondari, vijana wenyewe, na mara mojamoja mhadhiri aliyesikia kwamba kazi yangu ni kutengeneza mashine za hospitali. Wote wanazunguka palepale: hii shahada ya vifaa tiba ni ya maana, au ni jina tu? Majibu nimeyaandika hapa ili nisiyarudie tena kwenye simu huku nimeshika bisibisi. Mengine ni marefu, kwa sababu ndipo watu wanapopotezea ada.

Shikamoo kaka. Mtoto akimaliza hii anakuwa daktari?

Marahaba. Hapana, hawi daktari. Daktari hufanya uamuzi kwa namba anazoonyeshwa na mashine. Huyu ndiye anayehakikisha namba hizo ni za kweli. Inkubeta ya kichanga, mashine ya usingizi, eksirei, ultrasaundi, kitoa oksijeni, otoklevu ya kuchemshia vifaa vya upasuaji: vyote hivyo ni vyake tangu siku vinapochaguliwa na kununuliwa mpaka siku vinapotupwa. Wapo pia wanaobuni vifaa vipya na wanaofanya utafiti, lakini kwa hapa kwetu wengi utawakuta karakana ya hospitali au kwenye kampuni zinazouza na kufunga mashine.

Nianzie wapi kabla sijatoa hata shilingi?

Anza na mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unaotoka kila mwaka. Litafute jina la programu yenyewe humo, usiridhike kuona jina la chuo. Watu huchanganya hapo: chuo kinaweza kuwa halali miaka na miaka huku programu fulani ndani yake haijaidhinishwa. Angalia inachukua miaka mingapi na sifa za kuingia ni zipi.

Kisha nenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Sheria ya mwaka 1997 inataka mtu anayefanya kazi kama mhandisi nchini awe amesajiliwa. Swali lako kwao ni moja: mhitimu wa programu hii, kwa jina hilihili lililoandikwa kwenye cheti, mnamsajili kuwa Mhandisi Mhitimu? Jibu likiwa ndiyo, endelea kuichunguza. Likiwa "inategemea", omba walieleze kwa maandishi. Nimeona cheti kizuri chenye muhuri, na mwenye cheti akahangaika kwa muda mrefu kwa sababu jina la shahada yake lilisomeka kama sayansi ya maabara.

Tuko Kaskazini. Kuna chuo cha karibu?

Hapa majina yanachanganya, tuyatenganishe.

Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani, na kimekuwa kikifundisha stashahada ya umeme na vifaa tiba. Mafundi sanifu wengi ninaowajua kwenye hospitali za kanda hii wametoka pale. Hiyo ni stashahada, ngazi ya 6. Shahada ya kwanza ni ngazi ya 8.

Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru ni ya uzamili na uzamivu. Kila mwaka kuna mzazi anayempeleka mtoto wa kidato cha sita pale na kurudishwa getini.

Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT, inayofundisha viungo bandia na vifaa saidizi mpaka shahada. Ni fani inayoheshimika na ni jirani ya hii, ila mhitimu wake anatengeneza mguu bandia na kumfundisha mtu kutembea nao, hatengenezi ventileta, mashine ya kumpumulisha mgonjwa. Kama mwanao anapenda kumhudumia mtu ana kwa ana na ana mikono mizuri, msiipite haraka.

Kwa shahada ya uhandisi wa vifaa tiba yenyewe, wengi wa huku hupanda basi kwenda Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Wengine huvuka mpaka kwenda Makerere, Kampala. Kila mwaka angalia mwongozo upya, maana programu huongezeka na nyingine husimamishwa.

Mwanangu alisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia). Wanasema ni lazima PCM (fizikia, kemia, hisabati). Kweli?

Inategemea programu, na hilo limeandikwa kwenye mwongozo mstari kwa mstari. Sharti la jumla la TCU kwa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, kisha kila programu huongeza masharti yake.

Ila hata akikubaliwa, ongea naye ukweli. Wa PCB amesoma hisabati ile ya msingi iitwayo BAM, na mwaka wa kwanza atakutana na kalkulasi ambayo mwenzake wa PCM ameshaionja miaka miwili. Atafika, lakini likizo ile ya kungoja chuo aitumie na kitabu cha hisabati. Wa PCM naye atateseka na fiziolojia, ila huyo usimwonee huruma. Anajua kusoma kwa kukariri kama wengine.

Nimepewa mtaala wa kurasa 80. Natazama nini?

Usisome majina ya kozi, yote yanapendeza. Soma saa.

TCU huhesabu kredit moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni kredit 120, kwa hiyo miaka minne ni 480. Chukua kalamu, jumlisha kredit za makundi manne.

La kwanza ni hisabati na fizikia: kalkulasi mpaka milinganyo tofautishi, na takwimu. La pili ni mwili wa binadamu: anatomia na fiziolojia zinazofundishwa na watu wa tiba. La tatu ni uhandisi wenyewe: saketi, elektroniki, mawimbi na ishara, sensa, vifaa vya kupimia, programu za kompyuta. La nne ni mahali makundi hayo yanapokutana: kupima kitu kutoka kwenye mwili ulio hai na kukitafsiri. Kundi hilo la nne ndilo hunyimwa saa.

Mfano wa kundi la nne, ili uelewe ninachomaanisha. Umeme wa moyo ukipimwa juu ya ngozi ni kama milivolti 1. Waya wa ukutani una volti 230, na unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Kuisikia ile milivolti moja katikati ya kelele ya ukuta ni sawa na kumsikiliza mtoto akinong'ona stendi ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo, ina kichujio cha kuondoa ile kelele. Sasa, mashine iliyotoka Marekani mara nyingi huja imepangwa kuchuja mtetemo wa mara 60, maana umeme wa kwao ndio huo.

Tuliwahi kuwa na kijana wa shahada, GPA ya kujivunia, aliyekaa siku mbili na mashine ya msaada iliyokuwa ikichora mstari mnene kama manyasi. Alibadilisha elektrodi, alibadilisha waya, akaandika ripoti kwamba bodi imekufa. Binti wa stashahada aliyekuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, akaingia kwenye menyu, akakuta 60, akaweka 50. Mstari ukatulia. Yule kijana hakuwa mjinga hata kidogo. Aliweza kuandika mlinganyo wa kichujio ubaoni bila kutazama daftari. Hakuwahi tu kuwekwa mbele ya mashine na kuambiwa, "Haya, inasema uongo, tafuta kwa nini."

Kwa hiyo kwenye mtaala tafuta kozi ambayo mtihani wake ni mashine mbovu. Kama haipo hata moja katika miaka minne, nimeshajua aina ya mhitimu nitakayempokea.

Kitu kingine cha kuangalia ni kinga ya mionzi. Mashine za eksirei na CT zina sheria zake, na msimamizi wake, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, makao yake yako hapahapa Njiro. Mtaala usioitaja mionzi umeandikwa na mtu asiyejua hospitali.

Karakana ya chuo niikague vipi, na mimi si fundi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na huhitaji kuwa fundi.

Kwanza angalia vumbi na mikwaruzo. Karakana inayotumika ina bisibisi zilizochakaa ncha, meza zilizoungua kwa kulehemu, na mashine zilizofunguliwa matumbo. Niliwahi kutembezwa kwenye chuo kimoja, sikitaji, wakanionyesha chumba kina viyoyozi na mashine mpya kumi na kitu. Tano zilikuwa bado na karatasi za nailoni za kiwandani juu ya kioo. Nikauliza mara ya mwisho wanafunzi waliingia lini. Mwenyeji wangu akacheka akasema funguo anazo mkuu wa idara, naye yuko safarini.

Mashine mbovu ni mali ya chuo. Nasema hivi kwa dhati. Chuo kilicho na monita nne za wagonjwa zilizokufa na ruhusa ya kuzifungua kimekishinda chenye moja mpya isiyoguswa. Hospitali zetu zina mashine nyingi zilizolala stoo. Chuo chenye uhusiano mzuri na hospitali huzipata bure.

Kisha ulizia vifaa vya kupimia mashine zenyewe. Multimita ya kupimia umeme na osiloskopu, inayoonyesha umbo la umeme kwenye kioo, ni lazima, na zihesabu: wanafunzi wangapi kwa kila moja? Wawili au watatu ni sawa. Kumi na watano kwa osiloskopu moja maana yake mmoja anashika na kumi na wanne wanapiga picha kwa simu. Halafu uliza kama wana kifaa cha kuiga mgonjwa, kile kinachotoa mapigo ya moyo ya bandia, na kipima usalama wa umeme. Hicho cha mwisho ndicho hunipa picha ya chuo kizima. Viwango vya kimataifa vya vifaa tiba vya umeme vinaruhusu umeme unaovuja kwenda kwa mgonjwa kupitia sehemu inayogusa moyo usizidi maikroampia 10 mashine ikiwa nzima, na 50 ikiwa na hitilafu moja. Binadamu huanza kuhisi umeme kwenye milliampia 1 hivi, yaani mara mia ya ile 10. Mgonjwa anaweza kudhurika kwa umeme ambao wewe ukishika hutahisi chochote. Mwanafunzi anayehitimu bila kuwahi kupima uvujaji huo kwa mkono wake atapitisha mashine kwa macho, na macho hayaoni maikroampia.

Ukipata nafasi ya kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, muulize hili: otoklevu ya mvuke iko Arusha, geji ya mgandamizo inasoma paundi 15, ndani kuna nyuzi joto ngapi? Kitabuni ni 121. Lakini kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na geji hupima tofauti ya ndani na nje. Kwa hiyo paundi 15 huku ni kama nyuzi 118. Ukitaka 121 unaipandisha mpaka 17 na ushee, au unaamini kipimajoto kuliko geji. Sitegemei ajibu namba kamili. Nataka nimwone akikunja uso na kuanza kufikiri kuhusu mlima.

Walimu je? Nitajuaje?

Orodha ya madaktari wa falsafa haitoshi. Uliza ni wangapi wamewahi kuwa na zamu ya hospitali, simu ikalia saa nane usiku kwamba mashine ya usingizi imegoma na mgonjwa yuko mezani. Mmoja au wawili wa namna hiyo kwenye idara hubadilisha idara nzima. Uliza pia kama anatomia na fiziolojia vinafundishwa na shule ya tiba au na mwalimu wa umeme aliyepewa kitabu. Na mtahini wa nje wa mwaka jana alitoka wapi? Idara isiyokumbuka jibu hilo haikusoma ripoti yake.

Fildi inapimwaje?

Kwa shughuli. Majina ya hospitali hayanisaidii. Barua inasema "alikuwa KCMC" au "alikuwa Mount Meru" au "Mawenzi", na mimi bado sijui alifanya nini. Hospitali kubwa ina mashine nyingi, ndiyo, lakini kwenye karakana iliyojaa wanafunzi mmoja anaweza kumaliza wiki nane akiwa mshika tochi. Hospitali ndogo ya wilaya yenye fundi mmoja aliyezidiwa inaweza kumpa kazi za mtu mzima.

Daftari la fildi ndilo la kuomba. Kazi kwa kazi: tarehe, mashine, lalamiko la muuguzi, alichopima, alichokuta, alichofanya, nani alisaini. Daftari zuri lina kushindwa ndani yake: "tumeagiza kipuri", "sijapata sababu". Daftari lenye mafanikio matupu liliandikwa usiku mmoja kabla ya kukusanywa, na kwa kalamu moja.

Pia angalia kama chuo kinamtuma msimamizi. Msimamizi anayekuja mara moja, akasalimiana na mganga mfawidhi, akanywa chai na kuondoka, hajasimamia. Nimewanywesha chai wengi.

Kwa nini nalikazania hili? Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 110,000 kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu kuu walizozitaja ni uhaba wa mafunzo, wa usimamizi wa vifaa na wa miundombinu. Mwanafunzi wa fildi anaingia moja kwa moja kwenye hiyo asilimia 40. Kitoa oksijeni cha msaada kilichotengenezwa kwa volti 120 kinachomekwa kwenye 230, kinapiga cheche, kinakwenda stoo. Kingine kina chujio la hewa lililozibwa na vumbi la kiangazi, oksijeni inashuka chini ya asilimia 82 na kengele inalia, wanaizima kengele. Kazi ya kwanza inataka transfoma na mtu wa kusoma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Ya pili inataka maji na sabuni. Hakuna anayefundishwa hayo ubaoni.

Mradi wa mwaka wa mwisho una uzito gani?

Mkubwa, na ni rahisi kuukagua: nenda ukasome mada za miaka mitatu. Mada zikiwa ni "mfumo wa kufuatilia wagonjwa kwa intaneti" mara kumi na mbili, wananakiliana. Natafuta mradi uliopimwa kwa mtu au kwa mashine halisi na ukawa na jedwali la makosa. Taa ya kutibu umanjano wa vichanga iliyopimwa nguvu ya mwanga wa buluu, kati ya nanomita 460 na 490, kabla na baada ya kubadilisha balbu, inanivutia kuliko roboti ya upasuaji ya mbao.

Tunataka kumpeleka India au Uturuki. Tutajuaje shahada ya huko ina uzito?

Kuna makubaliano yanayoitwa Washington Accord, ya mwaka 1989, ambapo vyombo vya kuidhinisha shahada za uhandisi vya nchi mbalimbali hutambuana. India iliingia rasmi 2014 kupitia bodi yao ya NBA, Uturuki 2011 kupitia MÜDEK, China 2016, Afrika Kusini mapema zaidi, 1999. Marekani chombo chao ni ABET.

Kosa la kawaida ni lilelile la nyumbani. Vyombo hivi huidhinisha programu mojamoja. Chuo kinakuambia "tumeidhinishwa", kumbe iliyoidhinishwa ni ujenzi na umeme, na ya vifaa tiba bado. Ingia kwenye orodha ya chombo chenyewe, andika jina la programu, tazama na miaka ambayo kibali kinahusu. Wakala wa kule Kijenge anayekuonyesha kipeperushi chenye nembo hajakuonyesha kitu.

Kabla hajaondoka uliza TCU kuhusu utambuzi wa tuzo za nje. Akirudi atahitaji karatasi yao, na ni heri kujua leo kuliko baada ya miaka minne na tiketi za ndege.

Jambo moja wazazi hawalifikirii: mwanafunzi aliyesomea nje atafanya fildi kwenye hospitali ambazo mashine ikiharibika kampuni inaitwa, inakuja kesho. Apange likizo mbili aje akae karakana ya huku. Atalalamika mwanzoni.

Hivi vigezo vya ABET vina maana kwetu kweli?

Vina maana kama kioo, hata kwa chuo ambacho hakitaomba kibali chao kamwe. Kwa programu za vifaa tiba wanataka mhitimu aweze kutumia hisabati, fizikia, kemia, baiolojia na fiziolojia. Atatue matatizo ya mahali kitu hai kinapokutana na kisicho hai. Abuni na kukitengeneza kifaa. Na apime mwili ulio hai na kutafsiri vipimo. Kwangu hilo la mwisho lingetosha peke yake.

Lakini vigezo hivyo viliandikwa kwa nchi ambako matengenezo ya hospitali mara nyingi hufanywa na fundi, na mhandisi yuko kiwandani. Kwetu mhandisi ni yuleyule. Kwa hiyo ongeza viwili: matengenezo kinga, na ununuzi. Mtu anayejua kuandika sifa za mashine kwenye zabuni, akakumbuka volti, vipuri, mafunzo na dhamana, huokoa fedha nyingi kuliko anayejua kuunganisha saketi. Msimamizi wa ubora wa vifaa tiba tangu 2019 ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mwanafunzi anapaswa kujua kazi yao kabla hajahitimu.

Apitie stashahada kwanza au aende shahada moja kwa moja?

Kama amefaulu kidato cha sita vizuri, aende. Kama alama zinasuasua, au ni mtoto wa mikono, stashahada ya ATC kisha shahada ni njia nzuri, na kwa maoni yangu hutoa wahandisi bora kuliko wote. Wamefungua mashine kabla ya kuona mlinganyo, kwa hiyo mlinganyo ukija wanaujua unazungumzia nini. Gharama yake ni miaka. Na GPA ya stashahada ailinde tangu muhula wa kwanza; vyuo vingi hutaka kuanzia 3.0.

Binti ataweza? Si kazi ya kubeba mashine nzito?

Mashine nzito ina magurudumu. Yule wa kichujio cha 50 alikuwa binti.

Mkopo?

Bodi ya Mikopo hupokea maombi kila mwaka na vigezo hubadilika. Soma mwongozo wa mwaka husika. Tatizo kubwa ninaloliona ni viambatanisho vya cheti cha kuzaliwa visivyothibitishwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Hilo lishughulikie Juni, usingoje dirisha lifunguliwe.

Chuo kinasema wahitimu wake wote wameajiriwa. Niamini?

Omba majina matano ya wahitimu wa miaka mitatu iliyopita, uwapigie. Chuo kinachofuatilia wahitimu wake kitakupa kwa ruhusa yao. Kila mmoja muulize: unafanya nini kila siku, ulikaa muda gani bila kazi, nini ulifundishwa na hukitumii, nini hukufundishwa ukakihitaji wiki ya kwanza. Jibu la swali la mwisho likifanana kwa watu watatu, umekuta tundu la mtaala.

Kuhusu ajira yenyewe, sitakupamba. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira na ni chache kuliko waombaji, ingawa kila hospitali unayoingia ina mashine zinazomngoja mtu. Hospitali za mashirika ya dini zina nafasi yake kubwa huku Kaskazini. Kampuni za mashine huchukua vijana wanaojua kuongea na wateja. Akishaajiriwa, kuna mpango wa ERB wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, SEAP, wa miaka mitatu, unaomsogeza kuelekea Mhandisi Mtaalamu. Uliza chuo ni wahitimu wao wangapi wameingia huko. Ni kipimo kisichodanganyika.

Mimi ni mhadhiri. Tunapitia mtaala wetu na tumeagizwa "kutathmini programu". Dodoso la wanafunzi linatosha?

Halitoshi, na unajua. Dodoso la mwisho wa muhula hupima kama mwalimu anapendwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kukuambia kama amefundishwa kupima uvujaji wa umeme, kwa sababu hajui kwamba upo.

Chagua mambo machache ambayo mhitimu lazima ayaweze, yasizidi saba, na kila moja uliandike kwa kitendo kinachoonekana: "anatambua hitilafu ya monita na kueleza hatua zake", siyo "anaelewa monita". Kisha kwa kila jambo weka ushahidi wa aina mbili. Wa moja kwa moja: mtihani wa karakana, daftari la fildi, mradi. Wa pembeni: maoni ya waajiri na wahitimu. Vinapopingana, ndipo kuna kazi ya kufanya. Idara moja iliniita kwenye kikao cha namna hiyo. Wanafunzi waliipa kozi ya vifaa vya kupimia alama za juu kabisa, na sisi waajiri watatu tuliokuwepo tukasema hicho ndicho wanachokuja wakiwa hawana. Kumbe kozi ilikuwa rahisi.

Msilete waajiri wenye suti peke yao. Mwiteni muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, na fundi sanifu mmoja aliyekaa kazini miaka ishirini. Na mnapomaliza, rekebisheni kitu kimoja kabla ya muhula ujao, hata kama ni kupata mashine tano mbovu na kuondoa kufuli ya karakana.

Siku ya kutembelea chuo nibebe nini?

Daftari, na mtoto mwenyewe. Mwache aulize. Mimi vijana wakija kuomba fildi huwapa mashine ya kufyonza majimaji ya mgonjwa isiyowaka, bisibisi na multimita, kisha naenda kunywa chai. Aliyefundishwa huanza na plagi na fyuzi. Mwingine nikirudi namkuta ameshika simu, anatafuta mwongozo wa mashine ambayo hata kibandiko chake hajakisoma. Ukiwa chuoni, mwombe mkuu wa idara awaruhusu mwaka wa nne wawili wafanye jaribio hilo mbele yenu. Akikubali bila kusita, nipigie tuzungumze habari za ada.